Vumbi Jekundu na Vumbi Jeusi

Kwetu mtu akikuletea pombe ya mtama bila kuionja kwanza mbele yako, unaushika mrija kwa adabu, unamuuliza habari za watoto, na hunywi. Mwenye kutoa huanza yeye. Anavuta funda moja, unamwona koo likipanda na kushuka, kisha anakusogezea mtungi. Hakuna anayekasirika. Ni adabu ya watu wanaojuana vizuri mno.

Mimi nilizaliwa kambini, upande wa Kigoma, na mama yangu alinilea katika adabu hiyo hadi ikapita kiasi. Alishuku unga wa mgao, alishuku dawa za zahanati, alishuku mtu aliyemsalimia mara mbili kwa siku moja. "Mara ya kwanza ni salamu," alikuwa akisema, "mara ya pili anatafuta kitu." Nimerithi yote. Mume wangu husema nikipewa kikapu cha maembe nakigeuza kwanza nione kilichowekwa chini. Anasema kweli, na mara mbili nimewahi kukuta maembe mabovu.

Tuliporudi Burundi tulikuta shamba la babu, kule juu Kizuka, lina mtu. Alipewa wakati sisi hatupo. Alikuwa amepanda michikichi, amezaa watoto, amemzika mkewe humo humo. Kesi ilikwenda ikarudi, ikachosha kila mtu, mwisho wakakata shamba katikati: nusu ya juu kwa mama, nusu ya chini kwa yule mzee, na kati yao mstari wa minyaa. Bashingantahe, yaani wale wazee wa mlima wanaosuluhisha watu, waliweka sharti moja mbele yetu sote. Upande mmoja ukimdhuru mwenzake, mapatano yamekufa na kesi inaanza upya. Na kesi ikianza upya, mtu anaweza kukosa hata ile nusu. Mama alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo juu ya nusu hiyo. Hakuwa na pengine duniani.

Siku ya kuweka mpaka, kila upande uliambiwa usije mikono mitupu. Yule mzee alileta bidoni ya mawese, akamimina kidogo kiganjani, akalamba, ndipo akampa mama. Mama alileta kibuyu cha mbegu za mtama.

Lazima niseme juu ya mbegu hizo. Bibi yangu alikimbia nazo zimefungwa ndani ya kitambaa kiunoni, akaacha sufuria na blanketi. Kambini zilipandwa nyuma ya nyumba kila mwaka, zikavunwa, zikawekwa kibuyuni, zikapandwa tena. Mama alirudi nazo. Mtama ule ulikuwa umetoka mlima huu huu, ukaenda uhamishoni, ukarudi na watu wake. Mama alipomkabidhi yule mzee kibuyu, bashingantahe walipiga makofi. Mbegu haionjwi. Nani aonje mbegu? Mzee alipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani, na akachungulia kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu aliyefurahi. Nikamshuku palepale.

Msimu uliofuata mama alipanda mahindi sehemu kubwa ya shamba lake, na mtama kidogo tu karibu na jiko. Mimi nafundisha biolojia katika lise, shule ya sekondari, mjini Rumonge, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupanda kwenda kumwona. Jumamosi moja nilimkuta ameketi mlangoni, na mbele yake ametandaza majani ya mahindi juu ya kanga, yamepangwa kama ushahidi.

"Pitisha kidole," aliniambia.

Nikapitisha. Kidole kilirudi na vumbi jekundu, jekundu la machungwa.

"Rangi hiyo unaijua?"

"Ni kutu, mama. Ugonjwa wa majani."

"Ni mawese," alisema. "Rangi ya mawese. Na nani anapika mawese hapa?"

Kule chini, nyuma ya minyaa, moshi wa yule mzee ulikuwa unapanda kama kila Jumamosi. Alikuwa na pipa lake la kuchemshia ngazi, ile mikungu ya michikichi, na kuta zote za kibanda chake zilikuwa nyekundu chini na nyeusi juu. Mama alinionyesha kwa kidevu. Kisha akashusha sauti. Watu waliopita chini walikuwa wamemwambia kwamba katika shamba la mzee mtama umejaa unga mweusi, mweusi kama masizi, unaomwagika ukiugusa. Mama alikuwa ameshapiga hesabu. Mzee anatengeneza kitu kwake, cheusi, anakilisha mtama kwanza, kisha kikiiva kinakuwa chekundu, anakipuliza kwetu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Tumempa mbegu, yeye anatupa hiki."

Ningemcheka. Badala yake nilirudi mjini nikiwaza, maana nilikuwa na kitabu.

Kitabu changu cha kufundishia ni cha Kifaransa, kizee, kimeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Ndani yake viumbe vimepangwa kama vyombo kabatini, na katika rafu ya kuvu, kutu na fugwe wamewekwa pamoja. Fugwe ndiyo ile inayogeuza punje kuwa unga mweusi. Kitabu kilieleza kwa nini wako pamoja. Wote wawili huishi ndani ya mmea ulio hai. Wote hufanya kazi kwa siri, hawaonekani hadi siku ya kupasua ngozi na kutoa vumbi. Na katika vumbi la wote wawili mna vijimbegu vyenye ganda nene, vinavyoweza kulala wakati mbaya upite, kisha vikaamka na kuota kijiti kidogo sana, na juu ya kijiti vikatokea vijimbegu vingine. Kijiti hicho ndicho kinachowaingiza katika ukoo wa uyoga. Nikiwaambia wanafunzi kwamba ule unga wa kwenye jani la mahindi ni jamaa ya uyoga wanaouokota msimu wa mvua, wananitazama kama nimekunywa.

Basi nikasoma ukurasa ule na moyo wangu ukafurahi furaha mbaya. Ndugu wawili wa rafu moja. Mweusi yuko kwake, mwekundu yuko kwetu. Ndugu hawafiki mlango mmoja kwa bahati. Mama, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa ameupanga ulimwengu sawasawa na kitabu cha Kifaransa. Watu hufikiri elimu inaondoa shuku. Kichwa kikiwa kimekwisha kushuku, elimu inaingia humo na kukaa upande wa mashtaka.

Kitabu kilinipa silaha nyingine. Kilisema kutu ya mahindi, katika nchi nyingine za baridi, ina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni mahindi, nyumba ya pili ni kijimea cha majani matatu matatu, chachu, kile kile ambacho watoto wetu hukichuma njiani na kukitafuna. Kwenye mahindi inatoa vumbi jekundu. Kwenye kijimea inatoa vikombe vidogo vya manjano, na ukiviona huwezi kudhani ni kiumbe yule yule. Wataalamu wa zamani walidanganywa na kutu za namna hii. Waliwapa sura hizo mbili majina mawili, wakaziweka rafu mbili, hadi walipogundua mmoja anatoka kwa mwingine. Hilo halikunishangaza. Kambini niliitwa Mrundi, na nilipofika Rumonge nikaitwa Mtanzania, na mwili ni huu huu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye ua wa minyaa, nikapiga magoti, nikakagua kila kijimea cha majani matatu upande wa mzee. Mwalimu mzima, na kanga yangu nzuri, nageuza majani kama polisi anayepekua mifuko. Nilitafuta vikombe vya manjano. Nilipata siafu. Waliniuma hadi ndani ya kiatu, na hata hao nikawaza wametumwa na nani.

Wakati huo huo mama alipata habari kwamba mzee amewaita bashingantahe. Yeye ndiye aliyewaita, si sisi. "Unaona?" mama aliniambia. "Mwizi anapiga kelele ya mwizi." Akaniambia nijiandae. Mimi ndiye niliyesoma. Nisimame mbele ya wazee niseme kwamba vumbi jekundu na vumbi jeusi ni kitu kimoja. Nikakubali. Nilikubali kwa hamu, na niliogopa pia, kwa sababu kikao kile kingeweza kuua mapatano, na mama kubaki nje na vyungu vyake.

Kwa hiyo nilitaka niwe na uhakika. Mapumziko ya saa nne, katika chumba cha walimu, nikafungua simu nitafute kitu kipya zaidi ya kile kitabu cha uzi wa nyavu. Nikasoma kimoja, nikasoma cha pili, nikaanza kukunja uso.

Siku hizi hawawapangi kwa vumbi. Wanasoma urithi ulioandikwa ndani ya chembe hai, wanatazama hata kitundu kidogo kilicho katika ukuta kati ya chembe na chembe, na kitundu cha kutu hakifanani na cha fugwe. Wameona kwamba kutu na fugwe waliachana zamani, zamani sana. Ukoo wao mkubwa ni mmoja, na uyoga yumo, lakini ndani ya ukoo huo kutu ana mlango wake na fugwe ana mlango wake. Kuna hata fugwe bandia waliohamishwa kutoka mlango huu kwenda ule, kwa sababu walikuwa wamewekwa pale kwa weusi wao tu. Vumbi lilikuwa limewadanganya wasomi wa vizazi na vizazi.

Hilo peke yake lilivunja nusu ya kesi yetu. Lakini kilichonikaa kooni kilikuwa sentensi ya chini zaidi. Kutu hupeperuka. Inatua juu ya jani, inaota hapo, na upepo hauna mwenyewe. Ila fugwe ile inayofunika punje za mtama haiji hivyo. Inapanda juu ya mbegu. Mbegu inapoota, yenyewe nayo inaingia kwenye chipukizi, inapanda ndani ya shina kimya kimya, na shamba linaonekana zuri tu hadi suke litoke.

Inapanda juu ya mbegu. Na mzee mbegu alizipata kwa nani?

Nikafunga simu. Nikaishuku simu. Nikajiambia kwamba katika maisha yangu yote, kambini na hapa, sijawahi kuona suke jeusi katika mtama wa mama. Hata moja. Mbegu zetu zilikuwa safi. Hilo nilikuwa na uhakika nalo kama jina langu.

Jumamosi nilipita kwa mzee kabla ya kupanda kwa mama, nimeshika chupa tupu kama mtu anayekuja kununua mawese. Alikuwa anachochea moto chini ya pipa. Hakuinuka.

"Amahoro, mzee."

"Amahoro, madamu. Umekuja kununua ao kuangalia?"

"Vyote viwili."

"Basi angalia kwanza. Mateso iko kule."

Alinitangulia kwenye mtama wake. Sitasahau. Suke baada ya suke, punje zimegeuka vifuko vyembamba, na vifuko vimepasuka, na unga mweusi umemwagika juu ya majani ya chini. Mzee alitikisa bua moja na wingu dogo likatoka.

"Miye na miaka yote mu hii shamba, sijaona hii kitu," alisema. "Mbegu yangu ya zamani haikufanya hivi. Nimepanda ile ya mama yako. Ona."

"Unasema mama yangu amekuroga?"

"Sijasema. Weye ndiye umesema."

"Na mahindi yetu je? Yale mekundu?"

Alinitazama kwanza, nadhani aone kama namdhihaki. Kisha akanipeleka hatua chache, hadi kwenye mahindi yake mwenyewe, akavunja jani akanipa. Nikapitisha kidole. Jekundu la machungwa. "Yangu pia iko vile," alisema. "Na ya ku barabara, na ya watu wa Nyanza-Lac, nasikia iko vile. Hiyo ni mwaka mubaya tu. Lakini hii nyeusi iko kwangu peke yangu."

Nilipogeuka kurudi kwenye mtama ndipo nikaliona. Chini ya bua moja la mtama lenye suke jeusi, palikuwa na chipukizi la pembeni lililochelewa, na chipukizi lile lilikuwa na suke lake dogo. Punje zake hazikuwa nyeusi. Zilikuwa zimevimba, za kijivu cheupe, laini, kama meno ya maziwa. Mate yalinijaa mdomoni kabla akili haijafika.

Nilikuwa nimekula masuke yale utoto wangu wote.

Kambini tulikuwa tunayangojea. Mtama ukitoa masuke, watoto tunapita mistari tukitafuta lile lenye punje za kijivu, laini, zenye ladha kidogo kama uyoga mbichi, na anayeliona kwanza analivunja na kulila papo hapo. Mgao ukichelewa hayo ndiyo yaliyokuwa nyama yetu. Mama aliyaita masuke ya watoto. Hakuyang'oa kamwe, alitukataza kugusa mengine yote, lakini hayo aliyaacha kwa ajili yetu. Na hata sasa, nikiwa mwanamke mwenye watoto wangu mwenyewe, mama huniachia moja au mawili karibu na jiko. Nilikuwa nafundisha fugwe darasani, nachora ubaoni punje iliyopasuka, kisha Jumamosi napanda Kizuka kuitafuna. Kwa sababu ile ya ubaoni ilikuwa nyeusi na iliitwa ugonjwa, na ile ya mama ilikuwa nyeupe na iliitwa yangu.

Ndiyo maana sikuwahi kuona suke jeusi kwetu. Tulikuwa tunayamaliza kabla hayajawa meusi. Shamba la mzee halikuwa na watoto. Watoto wake walikwisha kuwa wakubwa, wakaenda Bujumbura.

"Umeona nini?" mzee aliniuliza.

"Sijaona kitu," nikasema. Alinijazia chupa yangu, na hakuamini.

Nilipanda kwa mama. Alikuwa jikoni. Aliponiona alifurahi, akanionyesha suke aliloniachia karibu na ukuta. "Ila umechelewa," alisema. "Limezeeka."

Nikalivunja. Lilipasuka mkononi mwangu na kunimwagia unga mweusi hadi kwenye mkono wa blauzi.

"Yakizeeka yanakuwa hivyo?" nikauliza. Nilijua jibu.

"Siku zote. Wewe hukuyaona, mlikuwa mnayala. Yale mliyoyasahau yalikuwa yanageuka."

"Na hayo unayafanya nini?"

"Nifanye nini? Napura pamoja na mengine, upepo unachukua hayo mavumbi."

"Hauchukui yote, mama."

Nikateremsha kibuyu cha pili, cha mbegu alizojibakizia, nikamwaga kiasi juu ya sahani nyeupe ya enameli, nikamimina maji, nikakoroga kwa kidole. Maji yakawa meusi. Mama alisema ni masizi, kibuyu kinaning'inia juu ya moto. Nikamwambia kibuyu kina kifuniko. Alikaa juu ya kigoda akatazama sahani, na niliona uso wake ukifanya safari nzima, kutoka jikoni hadi kambini hadi kiunoni mwa bibi.

"Unataka kusema nilikulisha ugonjwa."

"Ni ugonjwa wa mmea. Mtu haumdhuru. Nilikula, nikakua, nikasoma."

"Nilikulisha ugonjwa," alirudia, "na nikampa mtu ugonjwa kwenye kibuyu cha mama yangu."

Nilitaka kumwambia hakuna kosa, kwamba wasomi wenyewe walidanganywa na rangi. Nilimhurumia hadi nikaona hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kisha akafuta mikono kwenye kanga na kuniambia kikaoni nisiseme chochote. "Wewe ni mtoto wangu. Watasema nimekufundisha." Basi nikamshuku mama. Mungu anisamehe, niliamini kwamba anakwenda kukana. Mwanamke asiye na pengine ana haki ya kukana.

Bashingantahe walikaa asubuhi kwenye mabenchi, nje ya kibanda cha mawese. Jirani yetu, yule mzee, alianza. Alisema polepole, hakutukana mtu. Alisema alipokea mbegu kwa moyo mweupe, akazipanda, na angalia. Alikuwa ameshika suke jeusi. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa rohoni tangu ile siku ya mpaka: yeye mawese yake aliyaonja, lakini kibuyu kile kilitolewa hivi hivi, hakikuonjwa. Wazee wakaguna. Nikaelewa sasa kwa nini alichungulia muda mrefu.

Mama akasimama. Ni mwanamke mfupi, na alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Anasema kweli," alisema. "Ugonjwa ulikuwa juu ya mbegu zangu. Sikuujua. Nilidhani ni chakula cha watoto. Lakini mwasema ni sumu, na sumu si yangu. Pombe huonjwa, mawese huonjwa. Mbegu sikuionja, kwa sababu hakuna anayeonja mbegu. Leo naonja."

Akamwendea mzee, akachukua lile suke mkononi mwake, akaling'ata.

Unga ulimjaa midomoni, ukamwagika kwenye kidevu na juu ya kitambaa cha kanisani. Alitafuna. Alikohoa, macho yakamtoka machozi, akameza, na kila mzee pale alitazama koo lake likipanda na kushuka. Kisha akamnyooshea mzee suke lililobaki, kama unavyosogeza mtungi. Meno yake yalikuwa meusi.

Mzee alilipokea. Hakulipeleka mdomoni. Aliligeuza geuza, akasema, "Miye sitakula. Lakini nimeona umemeza."

Mmoja wa bashingantahe aliniuliza mimi, mwalimu, kama ni kweli haina madhara. Nikasema kwa mtu haina, kwa mtama inayo. "Na ile nyekundu ya mahindi?" Nikasema ile ni nyingine kabisa, watu wa zamani waliwaweka pamoja kwa sababu wote ni vumbi, lakini hawatembei pamoja, ile inakuja na upepo, na haina mtu wa kuishtaki. Alitikisa kichwa kama aliyesikia kesi nyingi za namna hiyo. Wakasema mapatano yanaendelea. Masuke yote meusi yachomwe, ya juu na ya chini, na mbegu zilizobaki pia.

Moto uliwashwa chini ya pipa lile lile la mawese. Mama hakukubali mtu mwingine amshikie kibuyu. Alikigeuza mwenyewe, mbegu zikamwagika zote, zikaanza kupasuka ndani ya moto, na harufu ilikuwa ya bisi. Nililia mbele za watu, sikuona aibu. Siku ile sikurudi Rumonge. Elimu yangu ilisema mama hatadhurika, na bado nilimtupia jicho kila alipokohoa.

Mvua za msimu mwingine zilipokaribia, nilikuwepo mzee alipopanda na kufika mlangoni kwetu. Alibeba ungo mdogo uliofunikwa kwa jani la mgomba, na ndani yake mlikuwa na mtama mwekundu, ile mbegu yake ya zamani ambayo alisema haijawahi kufanya hivi. Alisema amahoro. Mama alijibu, hakusogea kutoka kwenye kizingiti.

Mzee alichota punje chache kwa vidole vitatu, akazitia mdomoni, akaanza kutafuna. Zilikuwa kavu, zilimpa shida. Meno yake si mengi. Mama alisimama akimtazama, mikono nyuma, hakumwambia yatosha, hakumpa maji. Alingoja hadi akameza. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akapokea.